Gerlof Anajiandaa Kwenda Trieste

Gerlof Bangma alijiandaa kwa miaka mitatu kuendesha baiskeli peke yake kutoka Sneek, mji mdogo wa Uholanzi, mpaka Trieste kule Italia, na kwa upande wa kujiandaa hakuna aliyemfikia. Alikuwa na faili la kurasa mia moja na kumi na mbili. Kila siku ya safari ilikuwa na ukurasa wake: kilomita ngapi, kahawa ataipatia wapi, mlima gani utamtoa jasho na kwa dakika ngapi. Alikata mpini wa mswaki ili apunguze gramu sita, kisha akapakia kiti cha kukunja na sufuria ya kutosha ukoo mzima.

Mji wote ulijua. Muuza mkate akimwona tu anasema, "Karibu tena kutoka Italia, Bwana Bangma. Mbona jua halijakuunguza?"

Mwaka wa kwanza goti lilimuuma. Mwaka wa pili upepo haukuwa mzuri, kana kwamba jimbo lao la Friesland liliwahi kuwa na upepo mwingine. Mwaka wa tatu alistaafu kazi yake ya kupima viwanja, akatangaza kwamba sasa hakuna kisingizio, halafu akaagiza tairi kutoka Ujerumani na kuzisubiri mpaka majani yakaanza kupukutika.

Aprili iliyofuata, mkewe Aukje akamwambia wakiwa kwenye kifungua kinywa, "Tjitske anakuja Jumatatu."

"Dada yako? Anakaa siku ngapi?"

"Wiki sita. Atalala kwenye chumba chako cha ramani. Nimemwambia hutakuwepo."

"Lakini sijasema naondoka Jumatatu."

"Umesema, mume wangu. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: Jumatatu, saa mbili asubuhi. Ulichosahau ni kuandika mwaka."

Gerlof aliacha mkate wake ulivyo. Katika kurasa zote zile hakuna palipoandikwa kwamba aliogopa. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na hakuwahi kulala peke yake popote isipokuwa hospitalini, ambako alibonyeza kengele ya muuguzi mpaka wakaikata waya.

Jumatatu ilifika kwa wakati, tofauti na tairi. Shemeji yake Tjitske alisimama mlangoni na mabegi mawili. "Usiharakishe kwa ajili yangu, shemeji," alisema, huku tayari amekwisha kuingia.

Faili lilimtaka usiku wa kwanza alale mji wa Zwolle. Upepo ulikuwa na mpango mwingine. Ilipofika saa saba mchana alikuwa Lemmer, mji mdogo wa bandari, kilomita ishirini na tano tu kutoka nyumbani. Pale mbele ya kibanda cha samaki alipojaribu kushuka, mzigo wa nyuma ulimzidi nguvu, yeye na baiskeli wakalala chini pamoja. Ikambidi afungue mikoba yote ndipo ainuke. Akapiga hema hapo hapo mjini, akampigia mkewe simu jioni.

"Uko wapi?" Aukje aliuliza.

"Zwolle. Pazuri sana."

"Bila shaka. Binamu yangu Rinske amekuona huko Zwolle yenye bandari, umelala na baiskeli imekukalia."

Gerlof akavuta zipu ya hema mpaka juu.

"Nije nikuchukue?" alisema Aukje, na safari hii hakukuwa na dhihaka hata chembe, jambo lililomuuma Gerlof kuliko kuanguka. "Kwa gari si mbali."

"Usije. Naogopa kwenda na naona aibu kurudi. Aibu ndiyo kubwa."

"Basi ni sababu ya kutosha. Kuna watu wameenda vitani kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Asubuhi alituma nyumbani kifurushi cha kilo kumi na moja: sufuria, kiti, na faili lenyewe. Akabaki na ramani moja ya karatasi. Kuanzia hapo hakuna kilichokwenda sawasawa, lakini yeye alikwenda. Alipotea Deventer, mji ambao binti yake alisomea miaka minne. Kwenye milima ya Eifel, kule Ujerumani, alinyeshewa siku nne mfululizo. Siku ya tatu alikaa kwenye kituo cha basi akalia, akamaliza, akala jibini yake, akaendelea. Kwenye miteremko aliimba kwa sauti nyimbo za kanisani, yeye ambaye kanisani hufungua mdomo tu.

Wiki ya tano alifika Trier, mji wa Ujerumani, mbali bado na Italia. Goti lilikuwa linamuuma kweli sasa, limevimba kama boga. Alikaa chini ya lango la kale lililojengwa na Warumi na soseji mkononi, akajua kwamba imetosha. Akapiga simu.

"Nimefika."

"Trieste?"

"Trier."

Aukje alihesabu kidogo. "Herufi nne za mwanzo umezipata. Mtihani wowote, hiyo ni pasi."

Alirudi kwa treni. Aukje alimsubiri stesheni akiwa na baiskeli yake mwenyewe, akamtazama: amekonda, pua imebabuka. Gerlof hakuanza na lango wala mito. Alianza na kile kituo cha basi, na jinsi alivyolia, na kwamba hakuna aliyemwona na bado alijifuta haraka. Hawakupanda baiskeli zao. Walizikokota tu ili Gerlof asikatize hadithi yake. Aukje alisikiliza, na mpaka wanavuka mfereji alikuwa bado hajamcheka.