Shati la Marehemu

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, Bi Mvuke alikuwa amemaliza kola ya shati la kumi na mbili na anageukia mabega, wakati mtu mmoja kwenye televisheni alipokula teke la kifua, akapaa kinyumenyume, akatoka nje ya kioo na kuangukia furushi la mashuka ya nyumba ya wageni. Mashuka yalikuwa bado hayajafuliwa, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa.

"Mwambieni asilale juu ya nguo za watu," alisema mwenye duka, bila kuinua macho kwenye kitabu cha risiti.

Mwenye duka alikuwa shemeji yake Bi Mvuke, mdogo wa mume wake. Duka hilo la dobi alilianzisha mume. Alipofariki, duka lilikwenda kwa mdogo mtu na pasi ikabaki kwa mjane. Hakukuwa na kikao wala maneno. Lilipita tu, kama mambo mengi ya ukoo yanavyopita wakati watu bado wanapangusa machozi.

Televisheni ilikuwa ya wateja. Ilikaa juu ya meza ndogo, ikilitazama benchi la kusubiria, na deki iliyokuwa chini yake ilizungusha kanda za kung fu za zamani tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Shemeji aliamini kwamba mtu anayetazama wenzake wakipigana hana nguvu ya kugombana kuhusu kifungo kilichopotea. Bi Mvuke yeye alifanya kazi nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa fupi, lakini juu yake ilipita kamba ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi, zikiziba nusu ya juu ya kioo, na kwa miaka kumi na tisa alizitazama filamu zile zote nusu ya chini tu.

Nusu ya chini ilimtosha. Stelingi, shujaa wa filamu mwenye viatu vyeupe, alimjua kwa goti la kushoto, ambalo kila akitaka kuruka lilisita kidogo, kana kwamba linaomba ruhusa. Mzee wa ndevu nyeupe, aliyesifiwa na benchi zima kwa umri wake, alikuwa na vifundo vya miguu vya mtu wa miaka ishirini na tano. Na teke la uongo halikumpita. "Mguu wa chini haukugeuka!" alipiga kelele kutoka nyuma ya pazia. "Kasimama kama nguzo ya simu. Hilo kamera imemsaidia." Mwalimu mstaafu, ambaye kila siku alileta leso moja kufuliwa ili apate haki ya kukaa benchi, aliongeza sauti ya televisheni.

Mabingwa wote, basi, walimfikia wakiwa wamekatwa kiunoni. Walioonekana wazima, kichwa mpaka unyayo, ni walioanguka. Na katika walioanguka hakuna aliyemfikia mtu mmoja mwenye baka shingoni. Bi Mvuke alimhesabia vifo ishirini na sita katika filamu kumi na moja. Aliwahi kufia ngazini, akafia kwenye pipa, akafia juu ya meza ya chai iliyovunjika vipande vinne sawasawa. Stelingi alirusha mguu tu, na kurusha mguu si kazi. Yule ndiye aliyewafanya watu waamini kwamba mguu ule ulikuwa mzito.

Huyo ndiye aliyekuwa sasa juu ya mashuka.

"Naomba maji," alisema. Sauti ilitangulia na midomo ikafuata, kama ilivyo kwa watu wa filamu zile. Maneno yalikuwa mawili, lakini midomo iliendelea kwa sentensi nzima zaidi. Bi Mvuke akangoja imalize ndipo akamimina. Kumkatiza mtu si adabu.

"Umeumia, kaka?"

"Mbavu. Lakini hizi ni za tangu filamu ya tatu."

"Lile la ngazini ulianguka vizuri mno. Ulitanguliza bega. Wenzangu wote walidhani ulitanguliza kichwa."

Mtu yule akaishusha glasi. "Uliliona bega?"

"Mimi naona chini tu. Wewe ndiye ninayekuona."

Machozi yakamlengalenga. Alisema ana dakika kumi na mbili, kisha anatakiwa darajani kufa tena. Shemeji, ambaye hakuruhusu kitu kuingia dukani bila risiti, akauliza jina. Yule mtu akaeleza kwamba hakupewa. Kwa alivyosikia, mwisho wa kila filamu majina tisini yanapanda kwenye kioo, hata la mpika chai limo, lake halimo. Shemeji akaandika "Marehemu", akambandika namba 214 begani, akaendelea na mambo yake. Dakika kumi na mbili zilipotimia, Marehemu akarudi ndani ya kioo akitanguliza miguu. Mwalimu mstaafu akainamia upande ili asizibwe.

Akazoeleka. Alikuja mara mbili tatu kwa siku, kwanza na masharubu, halafu bila masharubu, halafu na kitambaa jichoni, kwa sababu waliomwajiri walikuwa na mkono wa birika na mtu mmoja aliwatosha kufa kwa niaba ya genge zima. Alinyoosha mgongo kwenye furushi, akanywa maji, akamsimulia Bi Mvuke kazi ilivyo. Kwamba meza ya kuvunjika hukatwa kwa msumeno kwa chini kabla, lakini aliyekata naye ana haraka, na siku nyingine husahau. Kwamba stelingi ana mtu wa kumpepea na mtu wa kumfuta jasho, na yeye ana shati moja.

"Unataka nini hasa?" Bi Mvuke alimuuliza Alhamisi.

"Filamu moja. Moja tu, niifikie mwisho wake nikiwa nimesimama. Miaka yote hii sijui hata moja inaishaje."

Bi Mvuke akafikiri. "Mwisho wake watu wanaondoka," alisema. "Zaidi ya hapo na mimi sijui."

Ijumaa shati lilichanika kwapani. Bi Mvuke akamvua, akisema atalishona, na Marehemu akarudi kazini kifua wazi, akafa mara mbili hivyohivyo bila mtu kugundua. Kushona kulichukua dakika sita. Kosa lilikuja baadaye, na lilikuwa kosa la mikono. Mikono ya mpiga pasi haijui kuacha. Ilipomaliza kushona ikaona tope, ikaloweka. Ilipoona shati limekauka ikachukua bakuli la wanga. Mashati ya watu wa benki alikuwa akiyatia vijiko vitatu; hili, kwa mapenzi, akalitia vinne. Jumamosi asubuhi shati lilikuwa jeupe, kola imesimama yenyewe, mikono ina mikunjo ya kukatia karatasi.

"Leo hutaanguka," alimwambia, akimfunga vifungo kama anayempeleka mtoto shule. Alikuwa anatania.

Marehemu akaingia filamuni. Ilikuwa ile ya genge lililoteka nyumba ya wageni mlimani. Walikuwamo wanaume thelathini wenye matope mpaka masikioni, na mmoja ana kola. Kiongozi wa genge, aliyekuwa na jicho moja lakini zima, akaitazama ile kola, akaipapasa ya kwake, akainuka kitini. Marehemu akakaa. Hakuombwa mara mbili.

Stelingi alipoingia na kurusha teke lake maarufu, teke lilikuwa la kweli. Mguu wa chini uligeuka. Bi Mvuke alithibitisha. Lakini shati lenye vijiko vinne vya wanga halikunjiki, na aliyemo ndani yake hana pa kukunjikia. Marehemu akabaki wima kitini. Stelingi akarudia, akaumia kidole cha mguu, akainama kwa heshima na kwenda kukaa upande.

"Nilijua tangu mwanzo kwamba yule ndiye mkuu wao," alisema mwalimu mstaafu.

Bi Mvuke alifurahi mpaka akaunguza mfuko wa shati la hakimu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Alicheka peke yake huku akilifukuza moshi. Miaka kumi na tisa, na leo mtu wake hajaanguka.

Lakini filamu ya kung fu ina mahitaji yake. Wakati wa mtu kupaa kinyumenyume na kuvunja meza ulikuwa umefika, na meza ilikuwapo, imeshakatwa kwa msumeno. Genge zima likamtazama Marehemu. Marehemu akatazama huku, akatazama huku. Mlangoni alisimama mtumishi wa nyumba ya wageni, mtu wa makamo mwenye kitambi, ameshika sinia la chai. Marehemu akainuka akampiga teke.

Teke lenyewe lilikuwa bovu kabisa. Mguu wa chini haukugeuka hata kidogo. Meza ilivunjika hata hivyo, benchi likashangilia, na mbeba sinia akatoka nje ya kioo akitanguliza uso. Jino lake lilipita chini ya pazia likaishia mguuni pa Bi Mvuke.

"Mimi niliitwa kubeba sinia tu," alisema yule mtu, akiwa amekaa juu ya mashuka na damu kidevuni. Midomo yake ilichelewa, kisha ikatetemeka kivyake. "Hakuna aliyeniambia habari ya kuanguka."

Hapo Bi Mvuke akapandwa na hasira. Aliweka pasi pembeni, akapita pazia, akasimama mbele ya televisheni, na kwa mara ya kwanza akaiona nzima.

"We Marehemu! Umesahau mara hii? Mtu aliyebeba chai alikukosea nini?"

Marehemu aligeuka. Alimtazama jinsi wateja wanavyomtazama wakikutana naye sokoni, wanapojua wamemwona mahali lakini hawakumbuki ni wapi. Midomo ikatembea kwa muda. Sauti haikufika.

"Dada, tunaomba utoke mbele," alisema mwalimu mstaafu. "Umetuziba."

Marehemu hakutoka tena kwenye kioo. Alifika mwisho wa filamu akiwa amesimama, akaondoka na wale wanaoondoka, na Jumatatu kanda iliporudishwa mwanzo alikuwa tayari kitini. Watu walikuja kumtazama hata wasiokuwa na nguo za kufuliwa. Shemeji naye si mtu wa kulala. Wiki haikuisha kabla hajatundika bango mlangoni: SHATI LA MKUU HUPIGWA PASI HAPA, na chini yake picha ya shemeji mwenyewe, amekunja mikono, anatabasamu. Bi Mvuke alilisoma akiingia kazini. Alilisoma tena akitoka. Aliporudi kesho yake hakulisoma.

Mbeba sinia aliendelea kutoka kila siku saa tisa alasiri, kwa uso. Jumanne aliumia pua, Jumatano kifundo cha mkono. Alhamisi alilivua shati lake lililochanika, akamnyooshea Bi Mvuke kwa mikono miwili.

"Nimesikia habari ya vijiko vinne," alisema.

Bi Mvuke akalipokea. Akalishona. Tope likabaki linamtazama, na mikono ikaenda yenyewe kwenye bakuli la wanga. Akaanza kuwaza ni nani aliyebaki katika nyumba ile ya mlimani. Jikoni yupo mama anayeosha vyombo. Uani yupo kikongwe mwenye fimbo, ambaye huonekana mara moja tu, dakika ya hamsini. Meza nayo kila siku inakuwa imekatwa tayari. Akalirudisha bakuli juu ya rafu, nyuma kabisa, na roho ikamuuma kwa sababu aliyeombwa ni yeye, na uwezo alikuwa nao.

"Hili silitii wanga," alimwambia. "Baki hapahapa mpaka kesho saa saba, tukifunga kwa chakula."

Kesho yake walimbana mwendesha deki, yaani shemeji, akakubali kuisimamisha kanda kwa muda wa saa moja alimradi wasiwashe taa. Bi Mvuke akatandaza mashuka ya nyumba ya wageni sakafuni, akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu ya kigoda na kuanguka mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hakuwahi kuanguka kwa makusudi, lakini alikuwa amewatazama walioanguka kwa miaka kumi na tisa, na mwili ulijua.

"Kidevu kifuani," alisema kutoka chini. "Bega kwanza. Ukifika chini, piga sakafu kwa kiganja, ichukue sakafu nusu ya kishindo. Na usifumbe macho, kaka, ukifumba macho unajiangusha mara mbili."

Mbeba sinia akaanguka kama gunia. Akaanguka tena. Mara ya tisa bega lilitangulia. Mara ya kumi na nne alibingirika akafika ukutani bila kutoa sauti, na midomo yake peke yake ikasema kitu kirefu ambacho hawakukisikia.

Saa tisa, mbeba sinia akiwa amesharudi ndani ya kioo, kanda ilifika pale penye meza. Mkuu akainuka katika shati lake jeupe na kurusha teke bovu kuliko la Jumamosi. Mbeba sinia akalipokea kifuani, akapaa, sinia likaenda upande wake, kidevu kikaingia, bega likagusa meza, meza ikagawanyika vipande vinne sawasawa. Lilikuwa anguko safi. Lile teke bovu, kwa ajili yake, likaonekana teke la kuua ng'ombe. Benchi zima likasimama. "Mguu gani huo!" mwalimu mstaafu alipiga ukelele, akipunga leso. "Mkuu! Mkuu!" Shemeji naye alipiga makofi pale kaunta.

Mbeba sinia akaviringika nje ya kioo mpaka nyuma ya pazia, akakaa, akapitisha ulimi kwenye meno.

"Yote yapo," alisema. Akasikiliza kelele za upande wa pili. "Wanampigia nani makofi?"

"Yeye."

"Na wewe? Ulinipigia?"

"Mimi nilikuwa nimeshika pasi," Bi Mvuke alisema.

Mbeba sinia akaitazama ile pasi, na shati la watu lililokuwa chini yake, akakubali kwamba isingewezekana.