Sauti ya Kisimani Diff

Kompyuta ya zamani ya Khadra ilizimika siku moja ya joto kali, isiwake tena. Fundi wa sokoni Garissa aliifungua, akaipuliza vumbi, akatikisa kichwa. Humo ndani mlikuwa na mitihani ya jiografia aliyoitunga kwa miaka tisa, picha za harusi yake, na rekodi za marehemu baba yake akiwaita ngamia kisimani Diff. Mitihani hakuijali sana. Sauti ya Aabo ndiyo iliyomliza.

Mwaka mzima ukapita kabla hajanunua nyingine. Jumamosi aliyoileta nyumbani, kaka yake Kadar alikuwa amefika kutoka Wajir. Baada ya chakula Kadar akatoa kadi ya memori mfukoni, ndogo kama ukucha, akaiweka mezani.

"Ilikuwa kwenye simu yangu ya vibonye," alisema. "Zile rekodi ulinitumia, unakumbuka? Lakini sijui kama bado inasoma."

Khadra aliipachika kwenye kompyuta. Kompyuta ilikaa kimya kidogo, kisha yakatokea mafaili matatu. Kadar akanyoosha mkono ayafungue.

"Usiguse, walaal! Kwanza tunakili."

"Abaayo, ni dakika mbili tu tusikilize."

"Hata moja. Nimeshaipoteza sauti hii mara moja."

Alikuwa amenunua diski mbili za nje. Alichomeka ya kwanza, akanakili mafaili, kisha akaipanga kompyuta iwe inahifadhi nakala yenyewe kila Ijumaa. Nakala nyingine akaipandisha mtandaoni, bando likiliwa taratibu. Diski ya pili aliinakilia vilevile, akaiandika kwa kalamu nene: Ruweyda. Huyo ni mdogo wao aliyeolewa Masalani.

"Ya nini kuipeleka mbali hivyo?" Kadar aliuliza.

"Nyumba hii ikishika moto, au mwizi akizoa kila kitu, ya Ruweyda itabaki."

Sasa kulikuwa na kazi moja tu, kuhakikisha nakala zinafunguka. Khadra akabonyeza faili la kwanza.

Upepo ulivuma. Kengele za mbao zikagongana, maji yakamiminwa horini, na Aabo akaanza kuita kwa ule wimbo wake wa kuvuta maneno: Deero, njoo, Cadey, njoo. Kadar alifumba macho. Alikuwa na miaka kumi na mitano siku ile ya kurekodi, amesimama ndani ya kisima akipokezana ndoo na wanaume, matope yamemfika magotini, akijiona mtu mzima.

"Deero alinipiga teke wiki hiyohiyo," alisema, akacheka, kisha akafuta macho.

Faili la tatu hawakuwahi kulisikiliza lote. Lilikuwa refu, lenye upepo mtupu, na kila mara walilikatisha. Safari hii Khadra aliliacha liende, maana alitaka kujua kama limenakilika hadi mwisho. Upepo, mbuzi, upepo tena. Halafu, kwa mbali, mwanamke akapaza sauti: "Ruweyda! Wee Ruweyda! Fungia wanambuzi, chai inapoa!"

Ilikuwa sauti ya mama yao. Hooyo alifariki miaka minne baada ya siku ile ya kisimani. Alikuwa akikimbia kila kamera na kila simu, akisema watu wamrekodi ili iweje. Hakuna aliyejua kwamba sauti yake ilikuwa imebaki mahali popote.

Khadra alimpigia Ruweyda, akaisogeza simu karibu na spika, akalirudisha faili nyuma kidogo. Kule Masalani kulikuwa na kelele za watoto, kisha zikakoma, kana kwamba mtu amefunga mlango.

"Rudia," Ruweyda alisema.

Akarudia.

"Nilikuwa nimejificha nyuma ya akal," Ruweyda alisema. "Nyuma ya kibanda chetu, nakula sukari. Nilimsikia nikanyamaza."

"Tunakuletea diski yako," Khadra alimwambia.

"Msimpe dereva wa basi. Njooni nayo wenyewe."

Wakakubaliana waende Alhamisi.