Moshi wa Kumwona Mama

Kila alipoingia jikoni mwa watu, dada wa majiko, aliyejengea watu majiko yasiyojaza moshi na kurudi kuyakagua, alifanya mambo matatu. Aliligusa jiko kwa mgongo wa kiganja kuona kama lina joto. Alimulika bomba la moshi kwa tochi. Kisha alipitisha kitambaa cheupe ukutani na kutazama masizi yaliyonata. Alikuwa binti mwenye haya, na mambo hayo yaliipa mikono yake kazi wakati wenye nyumba wakimtazama.

Kwa fundi baiskeli aliishia kwenye jambo la kwanza. Jiko banifu, alilolijenga mwenyewe kwa udongo na matofali miezi miwili iliyopita, lilikuwa baridi, na juu yake pamepangwa sahani. Kando yake mafiga matatu ya zamani yalikuwa yamerudishwa, kuni mbichi zinafuka, na upande wa pili wa moshi alikaa mama mzazi wa fundi, aliyezikwa mwaka jana.

Dada wa majiko alimpa shikamoo. Marehemu akaitikia kwa kichwa.

"Karibu, dada," mke wa fundi alisema, akimsogezea kigoda. "Inama hivyohivyo. Huku chini kuna hewa kidogo."

Alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikohoa, mama yake akakohoa, kisha mtoto tena, kama watu wanaopokezana mzigo.

Alieleza bila haraka, huku akigeuza chakula. Siku moja walipata wageni wengi, sufuria kubwa ikakataa kukaa kwenye jiko jipya, naye akarudisha mafiga. Moshi ulipojaa, mama mkwe akawa yupo, mahali pake pa miaka yote, anapepeta kwa ungo usioonekana. Fundi, ambaye kwa miaka kumi na miwili ya ndoa alifika jikoni kuulizia chakula tu, na hata hivyo akiwa amesimama nje, siku hiyo aliingia, akaketi, akalia. Tangu hapo alikuwa akifunga karakana saa kumi na kuja kukaa na mama yake. Jiko banifu halitoi moshi, na bila moshi mama haji. Kwa hiyo mafiga yakabaki.

Tatizo lilikuwa kwamba mama alikuwa akivuja. Kila moshi ulipopata upenyo, alififia kuanzia miguuni. Fundi akaziba dirisha kwa tairi kuukuu, bomba kwa mpira wa ndani na gundi ya pancha, na nyufa za ukuta moja moja, akizitafuta kwa subira ileile ya kazini kwake. Dada wa majiko alikagua na kukiri moyoni kuwa ilikuwa kazi safi. Hakuona hata tundu la sindano.

Fomu yake ya ukaguzi iliuliza idadi ya watu wa jiko hilo. Aliandika sita, akafuta, akaandika saba, akafuta tena hadi karatasi ikatoboka. Alitoka nje kumpigia simu msimamizi wake. Msimamizi aliuliza kama jiko limepasuka. Halikuwa limepasuka. Basi aandike kuwa kaya ina jiko zima, na habari za marehemu aziweke kwenye maoni, mistari miwili isizidi.

Aliporudi ndani, fundi naye alikuwa anaingia, mikono ina grisi. Aliurudisha mlango na kushindilia gunia chini yake.

"Umetukuta na mama," alisema kwa adabu, na kuketi.

Moshi uliwakata katikati. Mama yake alionekana vizuri. Mkewe, aliyekuwa ng'ambo ya moto, alibaki sauti na kikohozi.

Dada wa majiko alianza maneno aliyofundishwa chuoni, ya kuni kupungua nusu na macho kupona. Fundi alikubali kila neno. Alisema hana ugomvi na jiko lile, huwaonyesha hata wageni. Ila halimleti mama.

Midomo ya marehemu ilianza kucheza. Kikohozi kilikuwa kimemla sauti mwaka wake wa mwisho, na mkwe wake peke yake, aliyekaa naye kutwa motoni, ndiye aliyejifunza kuisoma midomo hiyo.

"Anasemaje leo?" fundi aliuliza.

Siku zote mkewe alimjibu kuwa mama anamsalimia, au anamwona amekonda. Leo, kabla hajajibu, marehemu alinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Anataka kuni," fundi alisema, maana kuni zilikuwa zimepangwa mlangoni. Akainuka kuchukua ukuni.

"Si kuni," sauti ya mkewe ilisema. "Anasema fungua mlango. Anasema hivyo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakuficha, nilivyoona unavyofurahi."

Fundi alisimama na ule ukuni mkononi. Alimtazama mama yake, ambaye sasa alikuwa anakohoa bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Alitazama mlango. Hatimaye akasema kwamba mama ndivyo alivyokuwa siku zote. Akisema anaondoka, ujue anataka abembelezwe. Akauweka ukuni motoni, akapuliza. Moshi ukazidi, na mama akaonekana vizuri zaidi, hata mshono wa blauzi yake. Fundi alifuta macho, akamwomba mkewe amuulize mama kama amekaa vizuri.

Mkewe hakuuliza. Alimfungua mtoto mgongoni, akampitisha chini ya moshi hadi mikononi mwa dada wa majiko.

"Baba watoto," alisema, kwa sauti ileile ya kusema chakula kiko tayari, "mimi nakohoa kama alivyokohoa yeye. Sitaki nife kwanza ndipo unione."