Kipimo cha Mashine Isiyokuwapo

Domitila alifika kwenye banda la mashine la Maisaka jua likiwa limeshachomoza vizuri, akaliondoa jiwe alilolitanguliza jana kushika nafasi, na mahali pake akaweka debe la mahindi. Mbele yake kulikuwa na ndoo ya Antonia, aliyeitwa pia Mama Leonsi, na kapu la bibi mmoja wa Nangara aliyekwenda misa na angerudi. Ulikuwa mwaka ule ambao sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa na sukari ilionekana kwenye misiba tu. Dizeli haikuwapo. Mashine nayo haikuwapo.

Iling'olewa masika ya mwaka uliotangulia. Marseli, mwenyekiti wa kamati ya mashine, alisema inakwenda kutengenezwa, ikapakiwa kwenye lori, ikabaki sakafu ya saruji yenye bolti nne zilizosimama. Wiki hiyo hiyo Antonia, kwa mazoea tu, alimimina mahindi pale ulipokuwa mdomo wa mashine, usawa wa kifua. Mahindi hayakuanguka chini. Mkanda ulisikika ukizunguka, na unga ukatoka usawa wa goti, wa moto kama siku zote. Tangu hapo watu waliendelea kusaga, na Antonia aliendelea kulalamika kwamba unga una chenga.

Domitila hakuwa na pengine pa kwenda. Mkono wake wa kulia ulivunjika alipoteleza kisimani, na haukuweza tena kuinua mchi. Nyumbani binti yake Severine alikuwa amejifungua, maziwa yamegoma kutoka, na akiba yote ya nyumba ilikuwa debe lile na bakuli la ulezi wa uji wa mzazi, vyote alivyokuja navyo kusaga. Ilikuwepo mashine nyingine kule Mutuka, ya shemeji yake Marseli. Huko mtu aliacha mahindi mlangoni na kupokea unga mlangoni, hakuruhusiwa kuchungulia, na nusu ya debe ilibaki ndani. Waliouliza maswali hapo mlangoni walijikuta majina yao hayamo tena kwenye mgao wa chochote, kwa hiyo watu waliacha kuuliza.

Asubuhi hiyo Marseli alikuja na mtaalamu wa mitambo aitwaye Wolfgang, mzaliwa wa Dareda, aliyebeba sanduku la vipimo begani. Wolfgang aliwaamkia kina mama shikamoo mmoja mmoja, akasubiri kila marahaba iishe. Kisha Marseli akaeleza kwamba mashine isiyokuwapo husaga kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huisha. Ikisahau katikati ya kazi, mahindi ya mwananchi yatapotelea wapi? Basi ipimwe, na ikishindwa kipimo hata kimoja, banda lifungwe leo hii. Alisema hayo kwa huruma kubwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huruma yake anayo.

Kipimo kilikuwa kirefu kama litania ya watakatifu. Kilitaka aina zote za nafaka, wilaya nzima ikiwa hata mbegu imeliwa. Kilitaka dizeli ipimwe kabla na baada. Kilitaka joto la beringi, na Wolfgang alishika kipimajoto hewani mahali beringi ilipokuwa zamani, akangoja kwa adabu, akapata joto la asubuhi. Jua likapanda. Domitila alimfikiria mjukuu wake anayenyonya bila kupata kitu.

Hatimaye Wolfgang akaomba mmoja wao asage ili aanze na hilo. Hakuna aliyesogea. Bibi wa Nangara, aliyekuwa amesharudi kutoka misa, alimsukumia Antonia, Antonia akamsukumia Domitila, na foleni nzima ikaanza kugombana. Wolfgang aliuliza kwa nini watu waliokesha wakiwaza nafasi ya kwanza sasa wanaikimbia.

"Wa kwanza analiwa, baba," Antonia alimjibu. "Tumbo la mashine likiwa tupu linabakiza unga wako. Na wa nyuma anapata wa mwenzake. Ukimfuata mtu aliyesaga ulezi, unga wako unatoka na madoa."

Ndiyo maana walikuwa na desturi ya kutanguliza pumba kila zamu, ili mashine ibakize hizo badala ya unga. Pumba zilizotoka walipewa kuku, na kuku wa Maisaka walinenepa mwaka ambao hakuna kingine kilichonenepa. Lakini leo Marseli alikuwa amekataza pumba. Kipimo ni nafaka safi, alisema.

Wolfgang alifunga sanduku lake. Alisema kwamba kwa jinsi anavyoona, kumbukumbu ya mashine ndiyo huo unga wa aliyetangulia, na mengine yote aliyoyaandika yalikuwa mbwembwe za shule. Usagwe ulezi, yafuate mahindi meupe. Madoa yakitokea, mashine inakumbuka. Marseli alikubali mbele ya watu wote, kwa sababu hakuamini kwamba kitu kisichokuwapo kinaweza kuchafuka.

Domitila alitazama bakuli lake. Ulezi huu ukiliwa na mashine, Severine hana uji. Akaona kwamba banda likifungwa hana uji vilevile, akasogea mbele na kuumimina ulezi kwa mkono wa kushoto. Ukatoka wa kahawia, na kweli ulipungua. Wolfgang akamshikia debe, mahindi yakaingia.

Unga wa mwanzo ulitoka na madoa ya kahawia. Kina mama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakasimama, na Domitila alilia bila kuficha. Wolfgang aliandika kwamba mashine imefaulu. Ukafuata unga mweupe, debe zima. Mahindi yalikwisha na unga haukukoma. Sasa ulikuwa wa njano.

Hakuna aliyelima mahindi ya njano Babati. Yalikuwa ya msaada, yale ambayo Marseli alitangaza kila Jumapili kwamba lori lililoyabeba limekwama mtoni. Watu waliuangalia unga, kisha wakaangalia upande wa Mutuka.

"Inakumbuka na ya huko iliko," Wolfgang alisema.

"Njia ya mwongo fupi," Antonia alisema, akamletea Domitila ndoo tupu ya kukingia.

Domitila alimgeukia mwenyekiti, akauliza kwa heshima kama mahindi ya msaada yameshafika.

"Bado," Marseli alisema. "Yamekwama."

"Asante, ndugu mwenyekiti," Domitila alisema, na ndoo ikajaa.

Marseli akatia saini kwamba mashine isiyokuwapo ni nzima, maana alikuwa ameahidi mbele ya watu. Ile iliyokuwapo hakuirudisha, wala hakuna aliyemhoji. Ila desturi ya pumba ilikufa siku hiyo, na kuku wakarudia kuokoteza. Kila mtu sasa aligombania kuwa wa kwanza kuupata unga wa njano, mawe yakipangwa mpaka barabarani. Severine alikunywa uji wa njano siku mbili, na maziwa yakatoka mengi hata mtoto akapaliwa.

Jioni moja, lori lenye turubai lilipopita kwenda Mutuka, limelemewa na magunia, wanawake wote wa foleni walisimama kumpungia dereva. Domitila alimpungia kwa mkono ule mzima, akamwombea barabara isiwe na matope.