Balbu ya Injinia na Jicho la Mama

Mtaa mzima ulimwita Injinia, kwa kuwa miaka kumi iliyopita aliwahi kutengeneza pasi, nayo ikapata moto. Kwamba ilipata moto hadi ikaunguza meza ni jambo lililokumbukwa na wenye wivu tu.

Wiki hiyo mama yake mzazi alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho, na daktari aliagiza akae kwenye mwanga hafifu. Injinia na dada yake waligombania heshima ya kumuuguza. Injinia alishinda kwa hoja moja: sebule yake pekee, katika ukoo mzima, ilikuwa na swichi ya kuzungusha, ya kupunguza na kuongeza mwanga. Ili kuupamba ushindi huo, aliitupa balbu ya zamani jalalani na kufunga mpya, ya kubana umeme. Boksi lake alimpa mama awekee chupa ya dawa ya matone. Maelezo, alisema, huandikiwa wasiojua.

Jioni ilipoingia, akazungusha swichi kwa madaha. Balbu ikapepesa, ikanguruma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa, kisha giza likatanda.

"Baba watoto, imezimika," mkewe akasema.

"Haijazimika. Inabana umeme."

"Imeubana wote?"

Akaongeza mwanga kidogo, kupepesa kukarudi. Mama akajifunika uso kwa kanga.

"Mwanangu, taa yako inanikonyeza, na mimi ni mzazi wako. Ikifika kesho jioni haijatulia, nampigia dada yako aje anichukue."

Injinia hakulala vizuri. Asubuhi alipanda juu ya kigoda akiwa na bisibisi, akailaumu swichi, akazilaumu nyaya, akawalaumu watu wa umeme, na hata feni, ambayo haikuwa imewashwa, haikusalimika.

"Umesoma boksi?" mkewe akauliza.

"Boksi! Nimeanza kushika umeme wewe hujajua hata kuwasha taa."

"Ndiyo maana nyusi zako hazilingani."

Mama, aliyeketi kivulini karibu na mlango, alikuwa akitafuta dawa yake. Akaligeuza boksi, akalisogeza puani, akalirudisha mbali, kisha akasoma polepole kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa: "Isitumike... kwenye swichi... ya kupunguza mwanga."

Bisibisi ikaanguka.

"Mama, unasoma!" mkwewe akapiga vigelegele.

"Hata vile viherufi vidogo! Daktari alimaliza kazi yake kwa nusu saa. Injinia wetu yuko siku ya pili."

Injinia akashuka kigodani. Balbu akaihamishia jikoni, kwenye swichi ya kawaida, nayo ikawaka kwa utulivu wa kumtukana. Dukani aliwachelewesha wateja wanne akisoma maboksi pande zote sita, mpaka akapata balbu ya kubana umeme iliyoandikwa kwamba inafaa kwa swichi yake.

Jioni mwanga ukapungua taratibu, bila kupepesa, bila nyuki. Simu ya mama ikaita. Alikuwa binti yake.

"Siji, mwanangu, nimeshazoea hapa," mama akamjibu. "Taa imetulia. Mimi naona, na kaka yako amejifunza kusoma."