Petroli ya Rambirambi

Kingsley alileta rambirambi yake ufukweni mwa Nchelenge ndani ya bidoni ya lita ishirini, akaitua kando ya jeneza kama mtu anayeweka shada la maua. Alikuwa amevaa suti.

"Pole, mama Angèle. Hii petroli ni ya kumufikisha Chewe kisiwani. Ya bure kabisa."

Ya bure! Wiki iliyopita Chewe alinunua petroli kwa mtu huyo huyo. Injini ilikohoa katikati ya ziwa Mweru, ikazimika, upepo ukaupindua mtumbwi, naye akazama na nyavu zake. Bei ilipopanda kila mahali, Kingsley alitangaza kwa huruma kubwa kwamba yeye hatapandisha yake. Watu walimshukuru hata kanisani. Hakuna aliyeuliza huruma hiyo inachanganywa na nini.

Sasa Angèle alitaka jambo moja tu: mume wake azikwe leo kisiwani Kilwa, humo ziwani, kando ya mama yake, bila kupelekwa na kitu kilichomuua.

"Pokea, mama," alinong'ona shemasi Boyd. "Usimuaibishe mutu mbele ya maiti."

"Simuaibishi. Bwana Kingsley, lete mukono."

Kila mvuvi anakijua kipimo hicho: petroli safi hukauka kiganjani mara moja. Angèle alimmiminia kidogo. Watu wakangoja. Kiganja kiling'aa, kikaendelea kung'aa, kikanuka mafuta ya taa.

"Ni jasho," alisema Kingsley.

"Jasho yako inawaka, bwana? Tulete kiberiti?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka jeneza. Kingsley akajipangusa kwenye suti, akaondoka. Bidoni aliiacha.

Angèle na shemeji zake wawili wakapakia jeneza mtumbwini, wakashika makasia. Boyd na wazee wa kanisa walikuwa na mtumbwi wao wa injini, ila tangi lilikuwa tupu. Shemasi akaitazama bidoni.

"Si itaharibika bure hapa," alisema, akaimimina tangini.

Shemasi na wazee wakawapita wapiga kasia huku wakiimba, moshi mweusi ukiwafuata.

Adhuhuri Angèle aliwakuta katikati ya ziwa, injini imekufa, Boyd akichota maji mtumbwini kwa kofia.

"Mama Angèle! Mutupe kamba!"

Angèle alilaza kasia lake. Kisha akawatupia, kwa kuwa mfu mmoja alitosha. Shemeji zake wakainama tena juu ya makasia, jeneza mbele, na nyuma wazee wa kanisa wakivutwa na maiti. Sasa hakuna aliyeimba.