Kitambaa Ndani ya Habu

Gari lile marehemu alilinunua likiwa mifupa mitupu, majani yameota mpaka kwenye usukani, akaliita Ajuza. Jirani zake walicheka. Wengine wananunua gari, walisema, yeye kanunua kaburi la panya. Akalitengeneza nyuma ya nyumba, kidogo kidogo, kama mtu anayejenga kwa matofali ya kuokota, na siku injini ilipokohoa, ikapumua, ikashika, wale wale jirani ndio waliokuja kuomba kupanda.

Lilikuwa gari la milima na tope. Lakini magari ya namna ile ya zamani yana masharti yake. Kuvuta gia ya pili, ile fimbo ndogo ya magurudumu yote manne, hakutoshi. Magurudumu ya mbele hayapati nguvu mpaka mtu ashuke, apige goti mbele ya kila moja, azungushe kwa mkono kile kifuniko cha katikati wanachokiita habu, mpaka kiseme "ta". Ndani ya habu kuna ringi ya meno. Ikisogea, gurudumu limeshikana na ekseli, na gari lenye nguvu nyuma tu limekuwa la miguu minne.

Kazi ya kushuka ilikuwa ya mkewe, ambaye mtaani walimjua kwa jina la kazi yake, Mshonaji.

"Waziri wa Habu," mumewe alikuwa akimwambia, mikono iko kwenye usukani, "tope linakuita."

"Na wewe una wizara gani?"

"Mimi ndiye rais. Rais hachafui viatu."

Naye alishuka huku anacheka, akakunja nguo, akazungusha. Mumewe alichungulia dirishani, ametega sikio. "Mtu anaweza kukudanganya," alizoea kusema, "lakini habu haidanganyi. Ikisema ta, imeshika."

Kifua kilimsumbua muda mfupi tu, kikamchukua. Walimzika kwao, kwenye shamba la ukoo, ng'ambo ya korongo lisilo na daraja. Siku ya mazishi mama yake mzazi alikuwa amelazwa, miguu imevimba, hakuweza kwenda. Alimzika mwanawe kwa masikio, kwa kusimuliwa.

Marehemu alikuwa na mdogo wake mmoja, waliyemwita Spana kwa kuwa hakukosa moja mfukoni. Naye alikuwa na gari la aina ile ile, ugonjwa wa magari hayo aliurithi kutoka kwa kaka yake. Baada ya msiba Mshonaji alimpa ovaroli ya buluu ya marehemu, ile yenye kiraka gotini. Uzi wa buluu ulikuwa umekwisha siku aliyokishona, akatumia wa rangi ya machungwa, mishono ya msalaba, mikubwa. "Umenishona kama gunia la viazi," mumewe alilalamika, na hakuivua ovaroli hiyo mpaka alipougua.

Spana alijifunika nayo usoni, akalia. "Shemeji," alisema, "Ajuza usimpeleke kwa fundi mwingine. Mimi nipo."

Mshonaji alishukuru. Aliyefiwa hupungukiwa na mengi, lakini hapo aliona hajapungukiwa na ndugu. Spana alikuwa akilichukua gari, analirudisha limeoshwa, anasema, "Yuko tayari kama bibi harusi." Jumapili moja alikuja na rafiki zake wa magari ya zamani, wote tope mpaka kwenye nyusi, wakisimulia jinsi gari lake lilivyopanda Mgongo wa Punda, mlima uliomshinda miaka yote. Mshonaji aliwapikia chai. Alipiga makofi kuliko wote.

Mama mkwe alipopata nafuu alikuwa na ombi moja, kumwona mwanawe alipolala kabla mvua haijafunga korongo. Spana alisema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ile nyingine. Mawingu yakaanza kukaa chini. Asubuhi moja Mshonaji akamsaidia mama kupanda, akamfunga mkanda, akawasha Ajuza.

"Utaweza, mwanangu?" mama aliuliza.

"Mama, mimi nilikuwa waziri."

Korongoni maji yalikuwa ya kufika kwenye muundi, lakini chini yake tope lilikuwa jeusi na zito. Alishuka akazungusha habu ya kushoto. Ta. Ya kulia. Ta. Alivuta gia ya pili, akaingia polepole kama alivyofundishwa. Katikati, Ajuza akazama nyuma. Mshonaji alichungulia nje huku akikanyaga mafuta taratibu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanachimba. Ya mbele yalitulia kimya, kama wageni wasiojua wamekuja kufanya nini.

Alishuka tena, akafungua habu, akafunga upya. Ta. Akajaribu. Hakuna.

Alimpigia Spana simu.

"Umezungusha vibaya, shemeji," Spana alisema. "Hivi vitu vina upande wake."

"Miaka yote naufahamu upande wake."

"Basi ni uchovu wa gari. Kaa hapo. Usifungue kitu. Nakuja."

Simu ilipokatika, Mshonaji alibaki ameishika. Fundi gani humwambia mtu aliyekwama asifungue kitu? Mumewe angemwambia fungua, angalia, niambie unaona nini. Alitoa spana ndogo mfukoni mwa mlango, akapiga goti majini, akalegeza boliti moja baada ya nyingine, akazitia mdomoni zisipotee.

Kifuniko kilitoka na springi yake, ile inayosema ta. Nyuma yake ringi ya meno haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitambaa, kimekunjwa na kulowekwa grisi, kimeshindiliwa ili habu isigonge ikiwa tupu.

Alikivuta. Alikifuta pajani. Chini ya grisi kulikuwa na buluu, na juu ya buluu msalaba wa uzi wa machungwa.

Alitema boliti mkononi. Hakulia. Alikwenda upande wa kulia akafungua na ile. Ndani yake mlikuwa na nusu ya pili ya kiraka.

"Umeona nini?" mama aliuliza kutoka dirishani.

"Uchafu tu, mama."

Spana alifika, gari lake likashuka ukingo bila kusita, magurudumu yote manne yakiuma tope. Alisimama pembeni, akaruka chini na tabasamu.

"Waziri umeangusha serikali," alisema.

Mshonaji alikunjua kiganja. Tabasamu la Spana lilibaki usoni kidogo, likiwa halijapata habari.

"Ringi zangu zilikuwa zimelika," alisema hatimaye, chini chini. "Na za aina hii hazipatikani. Nilijua wewe utakuwa wa lami tu, shemeji. Nilikuwa nirudishe."

"Na ovaroli?"

"Kilikuwa kitambaa kilichokuwa karibu."

Maji yalipita kati ya miguu yao.

"Kaka mwenyewe angenipa," Spana akasema. "Unajua angenipa."

"Angekupa. Na mimi ningekupa. Hukuomba." Aliangalia magurudumu ya mbele ya gari la shemeji yake. "Na mimi nikakupigia makofi kwa Mgongo wa Punda."

Mlango wa Ajuza ulifunguka. Mama hakushuka, alinyoosha mkono tu. Mshonaji alisita, kisha akampa kile kitambaa. Mama alipitisha kidole juu ya mishono, ule mmoja, ule mwingine. Mishono ile aliijua. Alikuwepo siku mwanawe anaifananisha na gunia.

"Mfungulie mwenzio," alimwambia Spana.

"Mama, wacha niwavute tu, halafu tutazungumza nyumbani."

"Mfungulie."

Akafungua habu za gari lake, akatoa ringi zile mbili. Alifanya kazi ile haraka, safi, anasafisha kila jino kwa kidole kabla ya kuirudisha ringi kwenye habu ya Ajuza, kichwa kimeinama kushoto. Hivyo ndivyo marehemu alivyoinama. Hapo ndipo Mshonaji alipogeuza uso akatazama ukingo, kwa sababu mikono ile ilikuwa ile ile.

Alizungusha habu mwenyewe. Ta, na ta. Ajuza akatikisika, akauma, akapanda.

"Shemeji, nije?" Spana aliuliza kutoka majini. Gari lake lilikuwa sasa na nguvu nyuma tu, na tope lilikuwa mbele yake.

Mshonaji akaendelea kupanda njia ya shambani.

Kaburini mama alikaa chini, miguu imenyooka, akaweka kitambaa juu ya jiwe na kiganja juu ya kitambaa.

"Huyu nilishamlilia," alisema.

Alikuwa anatazama kule korongoni, walikomwacha yule mwingine.

Waliporudi, kabla ya kuingia majini, Mshonaji alishuka na spana ndogo. Boliti zote, kushoto na kulia. Aliinua vifuniko, akatazama meno yalivyokaa, akavirudisha. Hata leo hufanya hivyo. Wanaopanda naye humwambia anapoteza muda, si imeshasema ta? Naye huendelea kulegeza boliti, kwa sababu sasa anajua ile sauti hutoka kwenye springi ya kifuniko, na springi haijui kilichomo ndani.